Merikebu Kwenye Karatasi: Safari ya Siku Nane kutoka Mto Nile hadi Mfereji wa Suez

Safari hii ya kuchora merikebu ni ya watoto wa miaka 9 hadi 13, dakika 90 kwa siku, na kila siku ina merikebu yake. Sharti ni moja tu: hakuna mstari unaochorwa kabla mtoto hajaweza kusema unafanya kazi gani. Kamba hii inashika nini? Tanga hili linapata upepo kutoka wapi? Mtoto akikwama, penseli inawekwa chini kwanza, kwa sababu somo la historia linaanzia hapohapo alipokwama.

Siku ya 1: Bandarini

Leo hakuna jina la chombo wala mwaka. Kazi ya siku ni kuandaa vifaa na kuzoea viungo vya merikebu.

Kila mtoto anahitaji karatasi ya A3 yenye uzito wa gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, penseli ya HB na ya 2B, rula, raba, brashi mbili za mviringo (namba 4 na namba 10), makopo mawili ya maji na kipande cha mshumaa mweupe. Kopo moja ni la kuoshea brashi, jingine ni la maji safi ya kuchanganyia rangi. Anayetumia kopo moja hupata anga la rangi ya tope na kulaumu rangi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hujikunja ikiguswa na maji, rangi ikakusanyika kwenye mabonde, kwa hiyo itumike kwa michoro ya majaribio pekee. Karatasi nzuri ibandikwe kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, sentimita moja ndani.

Mstari wa kwanza kabisa ni wa maji, theluthi moja kutoka chini. Watoto wengi huanza na mwili wa chombo, wakauchora mzima, kisha wakauwekea bahari chini yake, na merikebu ikawa imekaa juu ya maji kama sahani juu ya meza. Ukianza na mstari wa maji, unalazimika kuamua ni kiasi gani cha chombo kimezama. Baada ya hapo unafuata mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo chini kabisa, omo upande wa mbele, tezi upande wa nyuma, mlingoti, foromali inayobeba tanga, na usukani.

Kisha kona ya juu ya karatasi inachorwa mshale wa upepo, na hapa ndipo kosa kubwa linapojitokeza. Mtoto huchora matanga yamefura kuelekea mbele, halafu bendera ikapepea kuelekea nyuma. Anafikiria bendera ya gari, ambayo hurudi nyuma kwa sababu gari linaupasua upepo. Merikebu inayosukumwa na upepo wa tezi huenda polepole kuliko upepo wenyewe, kwa hiyo bendera huelekea omo, uleule upande yanakofura matanga. Usimsahihishe kwa mdomo. Mpe ukanda wa karatasi kwenye kijiti, apulize kutoka nyuma ya mchoro wake, kisha aangalie.

Kipimo cha safari nzima ni sentimita 1 kwa mita 2. Kikibadilika bila kutajwa, watoto watamaliza wiki wakiamini vyombo vyote vililingana ukubwa.

Siku ya 2: Mto Nile na Bahari ya Shamu, miaka ya 1470 KK

Kwenye kuta za hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, Misri, kuna picha za kuchongwa za merikebu tano zilizokwenda nchi ya Punti na kurudi na miti ya manemane iliyotiwa vikapuni na mizizi yake, pembe za ndovu, mpingo na nyani. Picha ni safi, za ubavuni, na kila kamba inaonekana, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kabla ya kugusa merikebu zile, fanyeni michoro miwili midogo, kila mmoja sentimita 8. Nile hutiririka kwenda kaskazini, na upepo wake wa kawaida huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo mchoro wa kwanza ni wa chombo kinachopanda mto kuelekea kusini, tanga likiwa juu. Wa pili ni wa chombo kinachoshuka na mkondo, tanga limeshushwa na makasia yanafanya kazi. Waandishi wa Misri ya kale walitumia picha hizohizo mbili katika hati yao: chombo chenye tanga kwa safari ya kusini, kisicho na tanga kwa safari ya kaskazini. Nchi ambayo mto unakupeleka na upepo unakurudisha ilikuwa na barabara ya bure, na mtoto aliyechora michoro hiyo hahitaji kuambiwa zaidi kwa nini utawala mmoja uliweza kuifunga nchi ndefu namna ile.

Sasa merikebu ya Punti. Tanga lake ni pana kuliko urefu wake wa kwenda juu, lina foromali juu na nyingine chini. Tezi ina makasia makubwa ya kuongozea. Na juu ya sitaha, kutoka omo hadi tezi, kuna kamba nene iliyopitishwa juu ya nguzo zenye panda. Watoto huiruka kamba hii, au huichora imelegea kama ya kuanikia nguo. Ikate mjadala kwa kadibodi: ukanda wa sentimita 20 kwa 3, uweke juu ya penseli iliyolala katikati. Ncha mbili zinainama. Hivyo ndivyo wimbi linavyofanya likipita chini ya tumbo la chombo chenye omo na tezi ndefu zilizo nje ya maji na kisicho na mkuku imara: katikati hupanda, ncha hushuka, mgongo huvunjika. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha, upitishe juu ya vijiti viwili vilivyosimama, ukaze. Ncha hazishuki tena. Baada ya hapo kila mtoto huchora kamba ile imenyooka, kwa rula.

Rangi leo ni njano na kahawia tu, nyepesi, tabaka moja. Anayetaka kulinganisha achore pembeni umbo la chombo cha Farao Khufu kilichofukuliwa Giza mwaka 1954: mita 43 na ushei, yaani takriban sentimita 22 kwa kipimo chetu. Mbao zake ni za mwerezi na zilifungwa kwa kamba.

Siku ya 3: Norwe, karibu mwaka 890

Siku fupi. Chombo ni kile cha Gokstad, kilichofukuliwa mwaka 1880 kwenye kaburi la kilima. Kina urefu wa takriban mita 23 na upana wa mita 5, na matundu 16 ya makasia kila upande. Kwa kipimo cha kawaida ni sentimita 11 na nusu, kidogo mno kwa ngao zake, kwa hiyo leo pekee tunatumia sentimita 1 kwa mita 1, na hilo liandikwe wazi chini ya mchoro.

Mbao za Wanorwe hupandiana, kila moja ikiulalia ule wa chini yake, na hufungwa kwa misumari ya chuma. Kwenye mchoro hilo maana yake ni kivuli chembamba chini ya kila ubao. Ngao ni 64, nusu kila upande, nyeusi na njano kwa kupokezana. Mtoto akichora duara 32 zilizotengana hazitaingia. Zinapandiana pia: chora ngao ya mwisho upande mmoja ikiwa duara kamili, zinazofuata ni miezi mwandamo tu. Njano ipakwe yote kwanza, ikauke, ndipo nyeusi. Nyeusi ikitangulia, njano inageuka kijani chafu.

Usukani ni kasia pana ubavuni kulia, karibu na tezi. Kofia zenye pembe zifutwe; hakuna kofia ya vita ya namna hiyo iliyopatikana katika makaburi yao.

Siku ya 4: Bahari ya Hindi, vyombo vya kushonwa

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, na ikibidi iwe mbili, iwe mbili.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walishona mbao za vyombo vyao kwa kamba karne nyingi kabla ya kuanza kutumia misumari. Kitabu cha mwongozo wa bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana merikebu ya kushonwa ya karne ya 9 iliyozama na vyombo vya kauri vya China vipatavyo 60,000. Bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Chombo kilichojengwa upya kwa kufuata mabaki hayo, chenye urefu wa mita 18, kilisafiri kutoka Oman hadi Singapore mwaka 2010. Pwani ya Waswahili chombo cha kushonwa kilichodumu zaidi ni mtepe, hasa wa visiwa vya Lamu, na ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20.

Anzeni kwa kushona. Kila watoto wawili wapewe kadibodi mbili za sentimita 15 kwa 4, sindano butu na uzi wa katani. Matundu yatobolewe kwa umbali wa sentimita 1, na yawe sentimita 1 kutoka ukingoni. Kosa la kawaida ni kutoboa karibu na ukingo: uzi ukikazwa, kadibodi inachanika. Kosa la pili ni matundu ya pande mbili kutokutazamana, na ukingo mmoja unapanda juu ya mwenzake. Mkishamaliza, pindeni kipande hicho kwa mikono miwili. Kinanepa bila kuvunjika. Kipande kingine kiunganishwe kwa gundi na vijiti vya meno, kisha kipindwe hivyohivyo: kinaachia. Mtoto ameelewa sasa kwa nini chombo kinachopwelewa mchangani au kugonga mwamba kilifaa kushonwa. Amwage na maji kidogo juu ya mshono: yanapenya. Kwa hiyo kwenye mchoro lazima awepo mtu wa kukumba maji, usiku na mchana.

Mtepe wenyewe huchorwa hivi. Omo yake ni ndefu, imeinuka na kuishia na umbo la kichwa cha ngamia. Ubavuni mbele kuna jicho lililopakwa rangi. Mlingoti ni mmoja. Tanga ni la mraba, nalo ni la mkeka uliosukwa, si kitambaa. Watoto wengi, hata wa pwani, huchora tanga la pembetatu kwa sababu ndilo wanalolijua kutoka kwenye jahazi na ngalawa. Mishono iwe mistari mifupi inayokata kila kiungo cha mbao, milimita 3 hadi 4 kati yake; ikichorwa kwa haraka hugeuka nyasi. Kwa mkeka, paka kahawia nyepesi, iache ikauke, kisha pitisha brashi karibu kavu kwa mshazari, upande mmoja halafu upande wa pili. Brashi ikiwa na maji mengi, ususi unapotea na tanga linakuwa doa.

Nusu saa ya mwisho ni ya gurudumu la pepo. Kata duara ya sentimita 15, igawe vipande 12 vya miezi, na uibane katikati kwa pini ya kufungia nyaraka ili mshale uzunguke. Miezi ya takriban Novemba hadi Machi ni ya kaskazi, kutoka kaskazini mashariki. Takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba ni ya kusi, kutoka kusini. Kila mtoto apewe mzigo na bandari: tende kutoka Ghuba kwenda Kilwa, boriti za mikoko kutoka Lamu kwenda Arabia. Aseme ataondoka mwezi gani na atarudi lini. Aliyekuja na kaskazi hawezi kuondoka mpaka kusi ianze. Atakaa miezi, atapanga nyumba, atajifunza lugha, pengine ataoa. Miji ya pwani inaanza kuonekana kwenye kile kipande cha kadibodi.

Siku ya 5: Malindi hadi Calicut, 1498

Watakaowahi waanze na merikebu ya China ya wakati wa Zheng He, ambaye misafara yake ya 1405 hadi 1433 ilifika hadi Malindi: matanga yenye mianzi ya kulalia, usukani katikati ya tezi, na tumbo lililogawanywa vyumba visivyopitisha maji. Ukubwa wa merikebu zake kubwa kabisa unabishaniwa, kwa hiyo huu uwe mchoro pekee usio na kipimo.

Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497 na merikebu nne. Kubwa mbili, São Gabriel na São Rafael, zilikuwa na matanga ya mraba kwenye milingoti ya mbele na ya kati, na tanga la pembetatu kwenye mlingoti wa galme, yaani ule wa nyuma. Mtoto aulizwe kwa nini aina mbili. Tanga la mraba linasukuma vizuri upepo ukitoka nyuma. La pembetatu linakisogelea chanzo cha upepo na kusaidia kugeuza tezi.

Msalaba mwekundu kwenye matanga ndio unaoharibu picha nyingi. Tanga limefura, lakini msalaba unachorwa kwa rula, umenyooka, na tanga linaonekana bapa papo hapo. Mikono ya msalaba lazima ipinde pamoja na kitambaa. Fuata mpangilio huu: kivuli cha tanga kwanza, kwa kijivu cha bluu na kahawia nyekundu chenye maji mengi, subiri kikauke kabisa, ndipo nyekundu kwa brashi namba 4. Nyekundu ikiguswa na unyevu husambaa na haifutiki.

Kisha rudisheni gurudumu la jana. Akiwa na rubani aliyempata Malindi, da Gama aliondoka tarehe 24 Aprili 1498 na kufika Calicut tarehe 20 Mei. Kusi ilikuwa inaanza. Kurudi, hakungoja kaskazi: aliiacha pwani ya India mapema Oktoba na kufika Malindi Januari 1499. Njia ileile iliyomchukua chini ya mwezi mmoja ilichukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, wakaichoma São Rafael. Watoto wachore njia mbili kwenye ramani, bluu ya kwenda na nyekundu ya kurudi, na watie nukta kwa kila siku kumi. Nukta za kurudi ndizo zitakazowaambia rubani wa Malindi alikuwa anajua nini.

Siku ya 6: Stockholm, 10 Agosti 1628

Vasa, merikebu ya vita ya mfalme wa Sweden, ilizama katika safari yake ya kwanza baada ya kwenda takriban mita 1,300. Iliinuliwa mwaka 1961 na ipo katika makumbusho yake mjini Stockholm. Ina urefu wa mita 69 ukihesabu na mlingoti wa maji unaochomoza mbele, yaani sentimita 34 na nusu.

Gawa karatasi mara mbili: juu merikebu kwa ubavu, chini mkato wake kama umekatwa kwa msumeno katikati. Mkato ndio wenye somo. Safu mbili za mizinga, jumla 64, na chini kabisa farumi ya mawe, yaani uzito wa kuituliza merikebu, tani zipatazo 120. Chukua chombo cha plastiki chenye sakafu ya sentimita 15 kwa 10, kielee kwenye beseni, ukiweke udongo wa kufinyanga sakafuni, kisha hamishia udongo uleule juu ya kingo. Kinapinduka kwa kidole kimoja. Kabla ya safari, wanaume 30 walikimbizwa sitahani kutoka upande hadi upande ili kuipima, na merikebu ikayumba vibaya mno hata jaribio likasimamishwa. Ikaondoka hivyohivyo. Upepo uliilaza, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi.

Madirisha hayo yachorwe wazi, na mstari wa maji wa pili, wa mshazari, uongezwe kwenye mkato kwa penseli ya bluu hadi uguse dirisha la chini. Watoto hupenda sana kazi hii. Kubali wapake mapambo nyekundu. Uchunguzi wa mabaki umeonyesha ndiyo ilikuwa rangi yake kuu.

Siku ya 7: Liverpool, 1788

Rangi zinafungiwa kabatini. Leo ni penseli na rula, na watoto walio chini ya miaka 11 waendelee na Vasa.

Brookes ilikuwa merikebu ya biashara ya watumwa. Mwaka 1788 wapinzani wa biashara hiyo walichapisha mchoro wake ukionyesha jinsi watu walivyopangwa humo. Sheria mpya ya Uingereza iliiruhusu kubeba watu 454. Kabla ya sheria hiyo iliwahi kubeba watu 609. Mchoro ule ulienea, na Uingereza ikapiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Nafasi ya mwanamume mmoja ilikuwa takriban sentimita 183 kwa 41. Ichoreni chaki sakafuni. Mtoto yeyote asilazwe ndani yake; kuigiza mateso hugeuka mzaha upesi, na aliyechekwa hasahau. Waipime tu, kisha waichore kwa kipimo cha sentimita 1 kwa sentimita 20, na wahesabu nafasi ngapi kama hizo zingeingia katika chumba walichomo. Picha nzuri ya bahari haihitajiki leo. Machweo na mawimbi juu ya chombo hiki ni uongo.

Siku ya 8: Cutty Sark, Novemba 1869

Mfereji wa Suez ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Cutty Sark, iliyojengwa kukimbiza majani ya chai kutoka China hadi London, ilishushwa majini siku tano baadaye. Meli za mvuke zikapita njia ya mkato ambayo matanga hayakuiweza kwa sababu ya pepo za Bahari ya Shamu, na merikebu hii ikaishia kubeba sufu kutoka Australia.

Mwili ni kama mita 65, sentimita 32 na nusu, lakini pamoja na mlingoti wa maji hufika mita 85, na karatasi ya A3 ina sentimita 42 tu. Gundisha ukanda wa ziada wa sentimita 5 upande wa omo kabla ya kuanza, si baada ya kupaka. Mwili ni mweusi, na chini ya mstari wa maji una rangi ya shaba.

Paka hivi. Sugua mshumaa palipo na povu, kwa kuubonyeza hasa. Ukisuguliwa kwa upole, rangi hupita juu yake. Lowesha anga kwa maji safi, kisha shusha bluu kutoka juu. Anga lisirudiwe likiwa limeanza kukauka, maana rangi ya pili husukuma ya kwanza na kuacha madoa yenye kingo za mchongoma. Bahari inafuata, halafu vivuli vya matanga, mwili, na kamba mwisho kabisa, karatasi ikiwa kavu. Kamba zinazoshika milingoti zichorwe kwa rula. Zile za kuendeshea matanga kwa mkono, zikilegea kidogo. Zote zikinyooshwa sawasawa, merikebu inakuwa ngome ya waya.

Utepe wa pembeni uvutwe polepole kuelekea nje ya picha, baada ya kukauka. Ukivutwa na unyevu huondoka na ngozi ya karatasi.